Watoto wafundishwe nchi, wasikaririshwe mikoa

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi wa Nyanda za Juu Kusini.



Katika shule nyingi somo la mikoa ya Tanzania huanza kwa kuimba na huishia katika kuimba. Mwalimu hutaja mkoa, watoto wakaitikia makao makuu yake. Hutaja tena mkoa, wakaitikia mazao: Iringa ni mahindi, chai na pareto, Mbeya ni mpunga, kahawa na ndizi. Sauti hupanda kwa pamoja, na mkaguzi apitaye nje ya dirisha huondoka ameridhika. Lakini mtoto huyo huyo akiulizwa maji ya kijito kinachopita nyuma ya shule yake yanakwenda kumwagika wapi, hunyamaza. Akiulizwa ni kwa nini baba zake wadogo wote wanaishi Dar es Salaam, hushangaa, kwa maana haoni uhusiano wowote kati ya swali hilo na somo.

Haitakuwa haki kumlaumu mtoto, kwani aliloulizwa hakufundishwa. Wala si haki kumlaumu sana mwalimu aliyepewa darasa lililojaa, ramani moja ya ukutani iliyochakaa, na kipindi cha dakika 40. Hata hivyo hapana budi jambo hili litazamwe upya, na hasa katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kwa sababu huko kukariri humdanganya mtoto waziwazi.

Ushahidi wa jambo hilo waweza kuandikwa ubaoni kwa mistari miwili. Katika sensa ya mwaka 2002 Mkoa wa Iringa ulikuwa na watu wanaokaribia 1,500,000. Katika sensa ya mwaka 2012 mkoa wenye jina hilo hilo ulikuwa na watu 941,238. Mwanafunzi hodari wa Darasa la Sita atatoa, naye atasema kwamba watu zaidi ya laki tano na nusu wametoweka katika muda wa miaka 10. Kwa hesabu, amepata. Kwa jiografia, amekosa kabisa. Hapakuwa na vita Iringa katika miaka hiyo, wala njaa ya kuwafukuza watu, wala ziwa halikuwameza.

Kilichotokea ni kwamba mwezi Machi mwaka 2012, miezi michache kabla ya watu kuhesabiwa, mkoa uligawanywa. Njombe, Makambako, Wanging'ombe, Makete na Ludewa zilitolewa Iringa zikawa Mkoa wa Njombe, ambao katika sensa hiyo ulihesabiwa peke yake ukiwa na watu 702,097. Watu hao hawakuhama. Walilala katika nyumba zile zile na wakaamkia kulima mashamba yale yale. Kilichohama ni mstari.

Mbeya nako kumepita jambo la namna hiyo. Mwaka 2012 mkoa huo ulihesabiwa kuwa na watu 2,707,410. Mwezi Januari mwaka 2016 wilaya za magharibi, yaani Mbozi, Momba, Ileje na sehemu iliyokuwa ya Chunya, zilifanywa kuwa Mkoa wa Songwe wenye makao makuu yake Vwawa. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ikaikuta Mbeya ina watu 2,343,754 na Songwe ina watu 1,344,687. Mtoto aliyefundishwa tarakimu bila ramani atasema Mbeya imepungua kwa watu zaidi ya laki tatu na nusu. Kumbe ardhi ile iliyoitwa Mbeya mwaka 2012 sasa inabeba watu 3,688,441. Imeongezeka kwa watu wanaokaribia milioni nzima.

Ndiyo kusema kwamba fundisho la kwanza kabisa juu ya mkoa ni kwamba mkoa hutengenezwa na watu. Una tarehe ya kuzaliwa, nao waweza kuzaa mikoa mingine. Wakati wa ukoloni eneo hili lote lilikuwa jimbo moja la Nyanda za Juu Kusini. Baada ya Uhuru majimbo yakagawanywa kuwa mikoa, ikatokea Iringa na ikatokea Mbeya. Katika miaka ya 1970 Sumbawanga ikatoka Mbeya ikaingia katika Mkoa mpya wa Rukwa. Mzee aliyezaliwa Mbozi kabla ya Uhuru ameishi katika jimbo na katika mikoa miwili bila kuhama kijiji chake. Mjukuu wake akilijua hilo, hataiona mipaka kuwa jambo lililoshuka pamoja na mvua.

Katika shule ambazo bado zina ramani ya kabla ya mwaka 2012, ramani hiyo isitupwe. Itundikwe kando ya mpya. Katika ile ya zamani Iringa inafika hadi Ziwa Nyasa, kwa upande wa Ludewa. Katika mpya, Iringa haina ziwa hilo hata kidogo. Katika ile ya zamani Mbeya inapakana na Zambia pale Tunduma. Katika mpya, Tunduma ni ya Songwe, na mpaka wa nchi uliobaki kwa Mbeya ni ule wa Malawi, upande wa Kyela. Kimondo cha Mbozi, ambacho watoto wengi wamekariri kwamba kiko Mbeya, kiko palepale kilipoanguka, lakini sasa kiko Songwe. Watoto wakiachiwa wazitafute tofauti hizo wenyewe, kipindi chote kitakwisha bila mwalimu kupaza sauti.

Majina nayo yana mitego yake, na mwalimu asiyeangalia huteleza pamoja na wanafunzi wake. Uwanja wa Ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya. Iko mito miwili iitwayo Songwe: mmoja hutiririka kaskazini-magharibi ukaingia Ziwa Rukwa, wa pili huenda Ziwa Nyasa na ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Uko Ruaha Mkuu, na uko Ruaha Mdogo unaopita karibu na mji wa Iringa. Mtoto aliyekariri tu neno "Ruaha" hajui ameutaja upi.

Sasa, ikiwa mistari ya mikoa huhama, mtoto aanzie wapi? Aanzie katika kile kisichohama upesi, nacho ni ardhi na maji. Katika jambo hili Nyanda za Juu Kusini zimebarikiwa kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa darasa lenyewe limezungukwa na kitabu. Mvua inyeshayo katika milima iliyo jirani na mji wa Mbeya hugawanyika njia tatu. Ile inayoangukia upande wa kaskazini wa Milima ya Poroto hushuka hadi bonde la Usangu, ikaingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, na mwisho Bahari ya Hindi ndani ya Tanzania. Ile inayoangukia upande wa kusini, Rungwe, huteremka na mito kama Kiwira hadi Ziwa Nyasa, hutoka huko kwa Mto Shire, huingia Zambezi, na kufika bahari ile ile huko Msumbiji. Na ile ya magharibi huchukuliwa na Songwe hadi Ziwa Rukwa, ikaishia humo, kwani Rukwa haina mlango wa kutokea. Matone matatu ya wingu moja! Hakuna wimbo wa makao makuu ya mikoa utakaomshangaza mtoto kiasi hicho.

Au wapelekwe, walau kwa mawazo, kutoka Matema hadi Kitulo. Matema iko Kyela, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali palipo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari; kuna joto, mpunga, kokoa na michikichi. Nyuma yake Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Ukiupanda ukuta huo ukaendelea kaskazini unafika Makete na uwanda wa Kitulo, ambao sehemu zake zimepita mita 2,600, na ambako katika miezi ya Juni na Julai umande huganda juu ya majani asubuhi ukawa mweupe kama chumvi. Huko hustawi viazi, ngano na pareto, na maua ya mwituni yaliyofanya Kitulo itangazwe kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Kunguru angeruka kati ya mahali hapa pawili asubuhi moja. Mtoto wa Kyela na mtoto wa Makete wanasoma mtaala mmoja wenye sentensi moja isemayo kwamba Nyanda za Juu Kusini "zina baridi na mvua nyingi". Mtoto wa Kyela, akiwa anatokwa jasho, huiandika sentensi hiyo katika daftari lake na kupewa alama ya vema.

Mahali ambapo ardhi na maji huwakutanisha watu kwa nguvu zaidi ni katika Mto Ruaha Mkuu, na hapa yafaa walimu watulie kidogo. Vijito vyake huanza katika milima ya Njombe na Mbeya. Hushuka Usangu, ambako ni Wilaya ya Mbarali, na kumwagilia mashamba ya mpunga ya wakulima wakubwa na wadogo. Kisha maji hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu, hutoka humo na kupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hupokea Ruaha Mdogo utokao Iringa, na huingia bwawa la Mtera lililo mpakani mwa Iringa na Dodoma. Pale Mtera kuna mitambo ya umeme ya megawati 80, na chini yake, Kidatu, mitambo ya megawati 204. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya umeme wa taifa ilitoka katika maji hayo.

Mnamo mwaka 1993 mto huo, ambao wazee hawakumbuki kuuona mkavu, ulikauka ndani ya Hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu hapo ukaukaji huo ukawa jambo la kila mwaka. Viboko walibanana katika madimbwi ya tope. Miaka hiyo hiyo ya 1990 nchi ilipata mgao wa umeme. Kila mtu akatafuta wa kumlaumu: mkulima wa mpunga, mfugaji aliyeingia Ihefu na ng'ombe, jua. Wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2008 eneo la Ihefu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Wako pia wataalamu walioonyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia upungufu wa umeme, jambo ambalo halikusemwa kwa sauti kubwa kama yale mengine.

Mtoto wa Darasa la Tano hawezi kukata shauri hilo, wala asilazimishwe. Lakini yuko mtoto wa Mbarali ambaye baba yake hufungua mfereji saa kumi za usiku ili apate zamu yake ya maji. Yuko mtoto wa Pawaga, katika Iringa, ambaye shamba la kwao nalo hutegemea maji ya Ruaha Mdogo. Na yuko mtoto wa Dar es Salaam anayesoma kwa taa. Watatu hao wako katika mikoa tofauti, na ramani ya mikoa haiwaunganishi. Mto unawaunganisha. Kama watatu hao watakuja kuketi siku moja katika ofisi wakiamua nani apunguziwe maji, basi ni heri wawe wamekwisha kuuona mto mzima wakiwa wadogo kuliko kuuona kwa mara ya kwanza katika mafaili ya ugomvi.

Baada ya maji waje watu, na hapo tena tarakimu zahitaji kushikwa kwa uangalifu. Mikoa ya Mbeya na Iringa, kama ilivyo sasa, inakaribiana sana kwa ukubwa. Kila mmoja una kilomita za mraba 35,000 na ushei. Hata hivyo Iringa, katika sensa ya 2022, ilikuwa na watu 1,192,728, ambao ni nusu tu ya watu wa Mbeya. Kwa nini? Swali hilo peke yake ni somo la wiki nzima. Sehemu kubwa ya Iringa upande wa kaskazini-magharibi ni hifadhi ambamo binadamu hawaishi, na nyanda za chini kuelekea Mtera ni kame. Watu wamejipanga juu, kuanzia Kilolo hadi Mufindi, penye mvua. Na hata huko Mufindi mtoto ataona msitu wa kupandwa wa Sao Hill na mashamba ya chai yakienea ng'ambo hata ng'ambo, nayo hayajengwi nyumba.

Lakini asidhani basi kwamba Mbeya imejaa watu kila mahali. Katika sensa ya 2012 Wilaya ya Rungwe ilikuwa na watu zaidi ya 150 katika kila kilomita ya mraba. Wilaya ya Chunya, kabla haijagawanywa, ilikuwa na watu wapatao 10. Wilaya mbili za mkoa mmoja! Anayechukua watu wote wa mkoa akawagawanya kwa eneo lote hupata wastani ambao hauko Rungwe wala hauko Chunya. Rungwe kuna udongo wa volkano na mvua karibu mwaka mzima, hivyo migomba hukaribiana na nyumba hukaribiana. Chunya ni nchi ya miombo na ukame, ambayo katika miaka ya 1920 na 1930 ilipata watu wengi ghafla kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kisha wakapungua, na katika miaka ya karibuni dhahabu na tumbaku vimewavuta tena. Ardhi hulisha watu kwa namna zake, na watu huifuata riziki.

Hao wanaoifuata riziki ndio wanaosahauliwa katika somo. Mtoto hufundishwa kwamba Wahehe wako Iringa, Wabena wako Njombe, Wakinga wako Makete, Wanyakyusa wako Rungwe na Kyela, Wasafwa wako Mbeya, Wanyiha wako Mbozi, kana kwamba kila kabila lilipandwa mahali pake kama mche wa kahawa na halikung'oka. Historia ya nyanda hizi inakataa. Kwa miongo mingi vijana wa Njombe na Makete walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na katika chai ya Mufindi. Vijana wa Rungwe walikwenda Lupa, na wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na ya dhahabu Afrika Kusini. Mbarali, nchi ya Wasangu, imewapokea Wabena, Wahehe, Wanyakyusa, Wasukuma na ng'ombe wao, na hata Wabaluchi, ambao walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kilimo cha mpunga wa kumwagilia huko. Katika miaka ya 1970 vijiji vyenyewe vilihamishwa na kukusanywa pamoja. Mahame ya wakati huo bado yaonekana vichakani, penye miembe au migomba isiyo na mwenyewe. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuza Makambako. Mpaka wa Zambia na malori yanayoupitia ukaikuza Tunduma, iliyokuwa na watu 97,562 mwaka 2012, na miaka 10 baadaye ikazidi laki mbili.

Liko jambo zito zaidi, na huenda ndilo linalowafanya walimu wengine wapendelee kuimba. Rejeeni zile tarakimu za Iringa. Watu 941,238 wa Iringa na 702,097 wa Njombe wakijumlishwa, wanakuwa 1,643,335. Mtoto ataona sasa kwamba hawakupungua bali wameongezeka. Lakini ongezeko ni la watu laki moja na nusu hivi, yaani asilimia kama 10 katika miaka 10, wakati taifa zima liliongezeka kwa asilimia 30 na Mbeya vilevile kwa asilimia 30. Na Makete, wilaya moja katika hizo, ilipungua kwa kweli: mwaka 2002 ilikuwa na watu zaidi ya 105,000, mwaka 2012 ilikuwa na watu 97,266. Hapo hakuna mstari uliohama. Hapo ni watu.

Wengine walikwenda kutafuta maisha; Wakinga wanajulikana kwa biashara kuanzia Iringa na Mbeya hadi Kariakoo. Wengine walikufa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 uliikuta Njombe na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 14.8 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa Tanzania nzima ulikuwa asilimia 5.1. Hapakuwa na mkoa uliokuwa juu yake. Katika sensa ya mwaka huo Njombe ilikuwa na wanawake 372,738 na wanaume 329,359.

Mwalimu wa Makete akisimama mbele ya darasa na tarakimu hizo, hasemi habari za watu wa mbali. Mbele yake wameketi watoto waliolelewa na bibi zao. Yuko anayejua kwa hakika ni watu wangapi waliopungua katika nyumba yao kati ya sensa na sensa, na anawajua kwa majina. Je, mwalimu anyamaze? Wako wanaoona kwamba heri kunyamaza, ili mtoto asijeruhiwe. Fikira hiyo ina huruma ndani yake, lakini haimsaidii mtoto, kwa sababu yeye amekwisha kujua. Kinachobaki ni kwamba anadhani msiba huo ni wa nyumba yao tu, au ni aibu ya kabila lake. Tarakimu ikifundishwa kwa upole humwonyesha kwamba lilikuwa jambo la nchi, lenye sababu zinazoelezeka: kuhama kwa wanaume kwenda kazini, barabara kuu, umaskini, na dawa zilizochelewa kufika. Tena humwonyesha kwamba halikuwa la milele. Kati ya 2012 na 2022 Iringa na Njombe kwa pamoja zilitoka watu 1,643,335 zikafika 2,082,674, ongezeko la asilimia 27 hivi, na Makete yenyewe ikapanda tena.

Mwalimu asimsimamishe mtoto yeyote aeleze habari za nyumbani kwao. Aseme habari za wilaya, na mtoto atajipima mwenyewe kimyakimya.

Namna ya kufundisha haidai fedha. Kazi ya kwanza ni kuwaeleza wanafunzi sensa inavyofanywa, kwa kuwa wengi hudhani tarakimu hutoka Dodoma zikiwa tayari. Waelezwe kwamba karani hupewa eneo dogo lililochorwa, hupita nyumba kwa nyumba, na huandika kila mtu aliyelala hapo usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kwa hiyo mwanafunzi wa bweni huhesabiwa bwenini, na kaka aliye Kariakoo huhesabiwa Dar es Salaam hata kama mama yake humwekea chakula kila Krismasi. Waelezwe pia kwamba tangu Uhuru sensa zimefanyika mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na waulizwe ni kati ya sensa zipi kulipita miaka mingi zaidi. Watagundua ni miaka 14, na wataelewa kwa nini si haki kulinganisha ongezeko la kipindi hicho na la vipindi vya miaka 10 bila kufanya hesabu ya ziada.

Halafu wahesabu wenyewe. Siku moja kila mwanafunzi aje na tarakimu mbili tu, bila majina: waliolala nyumbani kwao jana, na waliozaliwa katika nyumba hiyo ambao wako hai mahali pengine. Zijumlishwe ubaoni. Kisha orodha ya mahali walipo ndugu hao itiwe katika ramani kwa punje za mahindi: Mbeya mjini ngapi, Dar es Salaam ngapi, Mbarali ngapi, Tunduma ngapi. Shule ya Ludewa itapata picha moja na shule ya Kyela nyingine. Shule mbili zikibadilishana picha hizo kwa barua, zitakuwa zimefanya jiografia ya mikoa kuliko vitabu vinavyodai kuifanya.

Ramani ichorwe uwanjani kwa majivu, kubwa, kiasi cha watoto kusimama ndani yake. Milima ifanywe kwa udongo, mito kwa majivu, mipaka ya mikoa iwekwe mwisho kabisa, kwa kamba, ili iweze kusogezwa. Mtoto mmoja asimame Kitulo na mwingine Matema. Watoto wawili washike kamba ya Iringa ya zamani, kisha mwezi Machi 2012 ukitajwa waikate, na wale waliosimama Njombe wabaki palepale walipo. Mvua ikija itaifuta ramani yote. Darasa lifuatalo litachora nyingine.

Yako maneno machache kwa walimu wakuu na waratibu elimu kata. Takwimu za sensa hutolewa hadi ngazi ya wilaya na kata, na ofisi za halmashauri huwa nazo. Ni vema kila shule iwe na karatasi moja yenye idadi ya watu wa kata yake katika sensa mbili za mwisho, pamoja na maelezo ya mipaka iliyobadilika katikati. Bila maelezo hayo karatasi hiyo itazaa makosa yale yale ya Iringa, kwa kuwa kata nazo hugawanywa, na mara nyingi zaidi kuliko mikoa. Mzee wa kijiji anayekumbuka kata ilikuwa inaishia kwenye mto upi kabla haijagawanywa aitwe darasani kwa kipindi kimoja. Na mtihani wa shule usiulize tu makao makuu ya Mkoa wa Njombe ni wapi. Uulize pia Njombe ilikuwa wapi mwaka 2002.

Kwa mpango huu Mbeya na Iringa, pamoja na Songwe na Njombe zilizotoka ndani yake, haziwezi kumalizwa kwa vipindi viwili. Vipindi sita vyatosha: kimoja cha ramani mbili, viwili vya maji na milima, kimoja cha ukubwa na msongamano, na viwili vya watu waliokuja na waliokwenda, kimoja kati ya hivyo kikiwa cha uwanjani.